Sponji ya Kahawia

Mhudumu wa usafi wa zahanati yetu hapa Mbulu hupiga deki hadi wagonjwa wanaogopa kukanyaga. Lakini tangu tuletewe tanki la samaki pale mapokezi, wiki tatu sasa, asubuhi yake inaanza na ndoo. Maji ya bomba huyachota jana yake ili dawa ya klorini iishe nguvu, huyaweka karibu na jiko la chai yapungue ubaridi, kisha hutoa robo ya maji ya tanki na kujazia hayo kwa kikombe, polepole. Chakula huwatupia punje chache tu. "Wakila sana, uchafu wao utawaua," husema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Wiki ya kwanza walikufa samaki wawili, wamebaki wanne. Jana daktari aliona sponji ya chujio la tanki imekuwa ya kahawia, akaichomoa, akaelekea bombani na sabuni mkononi. Mhudumu aliacha dekio katikati ya korido, akamshika mkono. Sijawahi kumwona akimgusa daktari.

"Samahani, daktari. Kwetu Endagikot kibuyu cha maziwa ya mgando hatukimalizi. Ya jana kidogo ndiyo yanagandisha ya leo. Wadudu wanaokula sumu ya uchafu wa samaki wako humo kwenye sponji, ndiyo kwanza wanaongezeka."

Daktari akampa. Mhudumu akairudisha bila hata kuikamua, kisha akafuta matone sakafuni, mara mbili.

Leo nimekuta karatasi kwenye kioo cha tanki, kwa mwandiko wake: HAPA PASISAFISHWE.