Sulhu Niliyoikana

Swali lenyewe kwenye fomu ya kuhuisha leseni lilikuwa fupi, la Kiarabu: je, katika dai lolote juu ya kazi yako, imepatikana sulhu? Nikaandika hapana, nikatia sahihi, nikaendelea na chai yangu.

Mimi ni daktari wa zahanati moja huko Manah, mji mdogo wa Uarabuni. Mwaka mmoja kabla ya fomu ile, bibi mmoja aliteleza akaangukia mkono. Nilitazama eksirei, nikasema ameteguka tu, nikamfunga bendeji. Kumbe mfupa mdogo wa kifundo cha mkono ulikuwa umepasuka, na mimi sikuuona. Mwanawe alishtaki, kampuni ya bima ikalichukua jambo lote, na wakili wa kampuni akanikataza hata kumpigia yule bibi simu ya pole. Baadaye nikaambiwa yamekwisha, nami nikaamini yamekwisha.

Nimekulia Mwanza, katika nyumba ya Wamanga, Waarabu waliohama kutoka huku huku, na kwetu sulhu ina sura yake. Watu hukaa pamoja, kahawa ikazunguka, mmoja akasema nimekosa, mwenziwe akasema nimesamehe. Mwana wa bibi yule nilipishana naye sokoni, hakuitika hata salamu yangu. Sulhu gani hiyo? Hapana yangu niliiandika kwa moyo mweupe kabisa.

Baada ya wiki mbili leseni yangu ikazuiwa. Malipo ya bima yalikuwa yameripotiwa, jina langu limo jaladani, nami nimeandika hapana. Kutouona mfupa pengine kungesameheka, lakini daktari aliyedanganya kwenye fomu hufutwa. Nikakaa nyumbani, nikimgombeza mume wangu kwa chumvi niliyoizidisha mwenyewe. Kazi nyingine siijui, na umri wa kujifunza umenipita. Niliogopa sana.

Siku ya kuhojiwa na jopo la leseni niliendesha gari hadi Nizwa nikiwa nimekariri hotuba ndefu. Sikuitumia. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, wa ukoo wa Unguja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza Kiswahili pale pale. Aliniuliza mbona nimeruka kimanga. Nikamweleza habari ya kahawa na salamu isiyoitikiwa, huku wenzake wawili wakingoja kutafsiriwa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwanangu, sulhu ya hapa ni ya makaratasi," akasema. "Bima ikishalipa, ushasuluhishwa, utake usitake. Wallahi nami nisingelijua, ila nimekalishwa kiti hichi."

Akanisogezea fomu nyingine, akaniambia niandike upya, na chini yake nieleze kwa maneno yangu.

Niliandika ndiyo. Chini yake, wakili akiwa hayupo, niliandika neno nililokatazwa mwaka mzima: nilikosea. Nikalia mbele ya watu watatu nisiowajua, na sikuona haya. Kifua kilikuwa chepesi ajabu.

Leseni ilirudi wiki iliyofuata. Doa limebaki jaladani, wala halifutiki. Kila nitakapoihuisha leseni, na kila nitakapoomba kazi mahali papya, nitaulizwa, nami nitajibu ndiyo na kueleza tena. Rafiki yangu mmoja alitaka kujua kama sitachoka kuandika kosa lile lile mpaka nistaafu. Nilimjibu kwamba swali lile huulizwa madaktari tu, na mimi bado naulizwa.