Nyota Kubwa Hufa Mapema

Mama alinikataza shule kwa ajili ya nyota. Sasa nacheka, ila siku ile, pale kwetu Temeke enzi za Mwingereza, nililia mpaka macho yakavimba.

Nilirudi mchana nimejaa maneno. Mwalimu wetu, kijana wa bara, alikuwa ametueleza nyota zinavyozaliwa, nami nikayamwaga yote mbele ya mama aliyekuwa akikuna nazi. Nikamalizia kwamba zile kubwa hufa mapema. Mama akaacha kukuna. Kwetu tuliamini kila mtu ana nyota yake mbinguni, na nilipozaliwa mnajimu alimwambia mama kuwa yangu ni kubwa kuliko za ndugu zangu wote. Kwa hiyo alichosikia yeye ni kwamba mwalimu kanitabiria kifo.

"Kesho husomi," akasema. "Wala kesho kutwa. Shule gani hiyo ya kuuana!"

Asubuhi akavaa buibui, akaniburura hadi shuleni huku nalia, si kuniacha huko, bali kumpasha mwalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu atakufa lini?"

Maskini, mwalimu alitoa macho! Nilipomweleza habari za mnajimu hakucheka, na kwa hilo nitampenda mpaka naingia kaburini. Akamvutia mama kiti, akaanza upya. Huko juu, alisema, kuna mawingu ya gesi na vumbi, meusi, ya baridi kali, mapana hata akili haifiki. Wingu likizidiwa na uzito wake linajikunja kwa ndani na kukatika mabonge mabonge. Bonge linalovuta zaidi ndilo linalonenepa, linajibana, linapata moto, mpaka siku moja linawaka kwa weupe wa kibuluu. Wala nyota kubwa haizaliwi peke yake. Kilimia, kile kishada cha nyota tunachokitazama tukitaka kulima, ni ndugu wa wingu moja. Tatizo la nyota kubwa ni pupa: inateketeza chakula chake upesi.

"Upesi kiasi gani?" Mama akauliza.

"Mama, hizo za Kilimia zilikuwa zinawaka kabla hajatokea binadamu wa kwanza. Na bado zinawaka."

"Kabla ya Nabii Adamu?"

"Kabla."

"Na huko ndiko kufa mapema?"

"Ndiko, mama. Zinazodumu hasa ni zile ndogo."

"Lahaula!" Mama akashika kichwa. Kisha akatazama juu dirishani, kana kwamba nyota zingeonekana asubuhi ile. Jana yake darasani nilikuwa nimesikia tu. Kuelewa nilielewa pale, nikimtazama yeye.

"Na leo hii," akauliza taratibu, "bado zinazaliwa?"

"Zinazaliwa. Tunavyoongea hivi kuna inayojikusanya, ila hakuna hata mmoja wetu atakayeiona ikiwaka."

Mama akanigeukia, akanifuta machozi kwa ncha ya buibui lake.

"Basi kaa usome," akaniambia, "uwaandikie hao watakaoiona."