Nauli ya Tawi la Mkunazi

Safari ile, mwanangu, nikikaa vibaya bado naisikia magotini. Basi kutoka Tanga hadi Tunduma, lori kukatiza Zambia, kulala juu ya begi kituoni Harare, kisha foleni ya mpakani Beitbridge. Nilishuka Johannesburg asubuhi ya baridi kali nikiwa na kandambili. Sikuwa nimefukuzwa kwetu. Nilikuwa mtu asiyekalika tu, kila nilipofika nikiuliza barabara inaendelea wapi. Bibi yako aliponiuliza nitarudi lini, nilimwambia tutaonana.

Nilianzia mtaa wa Berea, nikahamia ule wa Turffontein, na huko nikapata kazi ya kukata miti. Msimamizi wetu, Kasongo, alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kufoka. Mwaka ule wa ukame, 2016, tulipelekwa kwenye shamba moja kusini mwa jiji. Mwenye shamba alitaka kujenga mabanda ya kuku, na miti yote iliyokuwa karibu na nyumba za vibarua iondoke.

Tukafika kwenye mti mmoja wa miiba, mnene, wenye makovu kila mahali. Yalikuwa makovu ya matawi yaliyokatwa kwa panga. Mengine yalikuwa mapya, mengine yalizibwa na gome zamani hata yakafanana na macho yaliyofumbwa. Chini yake mwanamke wa makamo alikuwa amepindua toroli na kulikalia. Jina lake Nomsa. Alizaliwa palepale, na kabla yake baba na babu yake walifanya kazi katika shamba lile.

Hakupiga kelele. Alitueleza kwamba mtu wao akifia mbali, mwili unaweza kuzikwa nyumbani lakini roho inabaki pale alipoanguka. Jamaa hukata tawi la mti huu, huenda nalo hadi mahali pale, humwita marehemu kwa jina na kumrudisha kwao juu ya tawi. Kila kovu lilikuwa mtu. Na kaka yake, Themba, alikuwa amefia katika ghorofa moja Berea. Walishamzika, ila hawajamfuata. Angemfuata Jumamosi.

Kasongo akamwambia, kwa Kizulu chake cha kuokoteza, akate tawi lake sasa hivi ili nasi tumalize kazi. Nomsa akamtazama kuanzia buti mpaka kofia.

"Na mimi nikifa, bhuti, watanifuata na nini? Na msumeno wako?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nimeshika jani la mti ule, nikalitambua. Ulikuwa mkunazi, si ule wa kwetu hasa, lakini ni ndugu yake. Na majani ya mkunazi ndiyo tuliyoyatia katika maji ya kumwoshea babu yako alipofariki, ndoo nikiwa nimeishika mimi. Nikaweka msumeno chini.

"Weye Tanga, muti ni muti," Kasongo akasema. "Kata, twende."

"Huu sikati. Nionyeshe mwingine wowote."

Akaniambia nitakosa kazi, nikamjibu kwamba najua. Akawasha msumeno wake mwenyewe, nami nikaenda kusimama kando ya toroli la Nomsa. Akauzima, akanitukana kwa Kifaransa, akampigia simu mwenye shamba.

Alikuja na pikapu, Mzungu mtu mzima wa maneno machache. Alikulia shambani pale, na siku zote alidhani makovu yale ni ya watu wa kuni. Nomsa akamwonyesha kovu moja usawa wa bega, akamwambia, "Hili ni la bibi yangu, aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto, akafia hospitali mjini." Yule bwana akaligusa kwa kidole. Kisha akasema mabanda yasogezwe upande wa barabara, na sisi tufunge vifaa tuondoke.

"Kesho usikuje," Kasongo aliniambia njiani. Tulipokaribia Turffontein hasira zikamwisha, akaanza kucheka. "Utakufa na njaa juu ya muti."

Jumamosi, kama nilivyomwahidi, nilimpokea Nomsa na tawi lake stendi ya teksi, daladala za kule, katikati ya jiji, maana Berea hakuijua. Ghorofani alisimama mlangoni, akamwita Themba kwa majina yote ya ukoo. Wakati wa kurudi hakusema na mtu, hata mimi. Alisema na tawi tu.

"Themba, tunashuka ngazi. Hapa robot, taa nyekundu, tunangoja. Sasa tunapanda teksi, kiti chako hiki."

Akalipa nauli mbili. Dereva aliliona tawi, akapunguza redio bila kuambiwa.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu nawe una miguu yangu. Kokote utakakokwenda utapewa kitu cha kukatia na mtu wa kukuharakisha. Kabla hujakata, uliza kuna akina nani hapo. Na ukishajua, usijifanye hujui. Kazi utapata nyingine. Mimi nilipata ya kulinda duka la jumla mjini, na aliyeniombea ni Kasongo huyohuyo.

Mwaka 2019 niliondoka moja kwa moja kurudi kwetu. Basi lilipoanza kutoka Park Station nilijikuta najinong'onea mwenyewe: tunatoka mjini, hapa robot, tunangoja. Jirani yangu akadhani nasoma dua, akaitikia amina.

Nenda, mwanangu, sikuzuii. Mungu akupe njia pana, na popote utakapochoka, akuwekee mtu anayelijua jina lako na yuko tayari kulipa nauli mbili.