Karatasi Niliyoikunja

Mume wangu alikuwa fundi wa ngozi hapa Kamembe. Alishona viatu, mikanda na mikoba ya shule, kazi aliyorithi kwa baba yake. Mimi nilitoka Mibirizi. Nilisoma kwa masista mpaka nikaweza kuandika barua ya Kifaransa, halafu nikaolewa na Mwislamu wa mjini, jambo ambalo mama yangu alilimeza polepole kama dawa chungu. Mume wangu aliisoma Kurani vizuri, lakini Kifaransa cha kuandikwa kilimshinda. Barua yoyote iliyofika nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nalisema hili mapema ili ieleweke kosa langu lilikuwa la namna gani.

Farasi tulimpata miaka michache baada ya uhuru. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Giheke alikuwa anafunga nyumba arudi kwao. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimshonea matandiko na hatamu, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo, alijifunza pia kuchonga kwato na kutibu vidonda vya mgongo. Siku ya kuondoka, mzungu alimwekea kamba mkononi. "Huyu hawezi kufika kwetu," alisema, "na hapa hakuna anayemjua kama wewe." Basi mume wangu akaingia Kamembe na farasi jike wa rangi ya majivu, nusu ya mtaa ikimfuata nyuma.

Farasi alipenda majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi. Aliogopa miavuli; mtu akifungua mwavuli mbele yake, alirudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa jirani. Watu walicheka sana siku za kwanza. Fundi wa viatu anapanda farasi kama chifu! Walikuja kuacha kucheka kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Rwimbogo.

Ilikuwa siku ya soko huko, na mume wangu alikuwa amepeleka mikanda. Mwanamke huyo alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya tumboni, na wanaume wa kumbeba katika ingobyi, kile kitanda cha kusuka tunachobebea wagonjwa mabegani, hawakutosha. Mume wangu akaiacha mikanda yake yote mikononi mwa mtu asiyemjua, akampandisha mama yule juu ya farasi, dada yake akamshikilia ubavuni, wakapita njia za miguu kilima baada ya kilima mpaka hospitali ya Mibirizi. Mtoto alizaliwa hai. Tangu siku hiyo watu walikuwa wanakuja kupiga hodi: aliyevunjika mguu, mzee aliyeshindwa kupumua, msichana aliyeumwa na nyoka. Mume wangu aliacha sindano ndani ya ngozi ilivyo, akatoka.

Ng'ambo ya mto wa mpakani, Bukavu, walikuwa wamebaki watu wachache wenye farasi. Kila mara walipiga mashine karatasi moja ya habari zao, wakaigawa: farasi wa nani amezaa, nani anatafuta tandiko, Jumapili gani watakutana, ugonjwa gani umeonekana wapi. Maman mmoja wa huko, aliyekuwa akivuka daraja kutuuzia vitenge, alikuwa jamaa wa mmoja wao, naye ndiye aliyewaambia kwamba Kamembe nako kuna mtu. Wakaanza kututumia nakala. Mume wangu hakuwa amewahi kukutana na hata mmoja wao, lakini aliwajua wote kwa farasi zao. Karatasi ikifika, alinawa mikono, akakaa, akaniambia, "Soma."

Mwaka ule wa kosa langu tulizika mtoto wetu wa kwanza. Aliishi siku kumi na moja. Baada ya matanga mume wangu alirudi kwenye ngozi zake na kwenye farasi wake, na jina la mtoto halikutoka tena mdomoni mwake. Asubuhi na jioni nilimwona amesimama bandani, anamsugua yule mnyama shingo, anamnong'oneza. Mimi maziwa yalikuwa bado yananitoka, yanalowesha nguo, nami nilikuwa nasikia mnong'ono ule kutoka jikoni.

Ndipo Maman wa vitenge alipoleta karatasi nyingine. Mvua zilikuwa zimeanza. Mume wangu alinawa mikono, akakaa.

"Farasi wa yule Papa wa barabara ya ziwa amezaa," nikasoma.

"Amezaa nini?"

"Jike."

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Alisimama siku ileile. Mama yake iko na maziwa mingi."

Akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuyaona meno yake. "Soma tena pale pa mtoto," akasema.

Nikasoma tena. Akaomba mara ya tatu, nikasoma haraka haraka. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa na maandishi, kipande kirefu, na maneno mawili yamepigwa mstari chini. Niliyaona, sikuyasoma. Siwezi kusema sikuyaona.

"Imekwisha," nikasema. Nikaikunja, nikaitia ndani ya kopo la chumvi, nikaenda kuchambua maharagwe.

Majani yalikuwa mazuri kule chini, karibu na ziwa. Mume wangu alimpeleka farasi kila alasiri, akamfunga kwenye kigingi, akamwacha ale mpaka saa ya magharibi. Saa hiyo usubi hutoka majini kama vumbi. Sote tulijipiga makofi shingoni, tukaingia ndani, hatukumfikiria yeye.

Baada ya wiki mbili hivi, asubuhi moja, alikataa majani ya viazi. Mume wangu alimgusa masikio kupima joto. Kesho yake macho yalikuwa yamevimba, na vile vishimo vya juu ya macho, ambavyo kwa farasi mzima hubonyea, vilikuwa vimejaa na kupanda kama unga uliotiwa hamira. Alipumua kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Kisha povu likaanza kumtoka puani, jeupe, kama la sabuni.

Mume wangu alikimbia kumtafuta veterineri, daktari wa mifugo. Alikuja kijana mmoja aliyezoea ng'ombe. Alimtazama kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Papa, mimi ni wa ng'ombe. Lakini ugonjwa huu nimeusoma. Dawa yake haiko."

"Hata ya kumpunguzia tu?"

"Kaa naye."

Akakaa naye. Alikufa kabla ya sala ya alasiri, kichwa juu ya mapaja ya mume wangu, suruali yake nzima imelowa povu.

Majirani walikuja na majembe. Mmoja, naye ni fundi wa ngozi, aliuliza kwa upole, "Na ngozi je, ndugu?" Mume wangu aliyekuwa akikata ngozi tangu utoto alitikisa kichwa. "Hii siyo ya kukata." Wakachimba shimo kubwa nyuma ya nyumba. Mwanamke wa Rwimbogo alikuja siku iliyofuata, mtoto wake mgongoni, akakaa na mimi barazani kama watu wanavyokaa msibani. Sikuweza kumtazama yule mtoto.

Siku ya tatu alifika Maman wa vitenge. Alitoa pole, akakaa, akafunga na kufungua mtandio wake.

"Lakini Papa, ile karatasi haikufika? Kule Bukavu bantu bote balifunga farasi zao ndani mbele jua haijazama, mupaka umande ukauke. Balisema ni tule tududu twa jioni njo tunaleta huu ugonjwa. Si iliandikwa nyuma?"

Mkono wangu ulikuwa na kikombe cha chai. Nakumbuka nilikiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba kumwaga chai ndilo jambo lililokuwa la kuogopwa.

"Ilifika, Maman," akajibu mume wangu. "Ni mimi sikusikiliza muzuri."

Maman alipoondoka nilimwambia. Nilimwambia yote, kopo la chumvi na maneno mawili yenye mstari. Alikuwa ameketi mbele ya kalibu za viatu, na mikono yake haikuwa na kazi.

"Niliona wino nyuma ya karatasi," akasema. "Na uso wako niliuona. Niliogopa kukuuliza."

Kwa siku nyingi tulikula sahani moja bila maneno.

Kisha akaniomba niwaandikie wale wenye karatasi wa Bukavu. Alisema, mimi nikaandika Kifaransa: siku ya kwanza aliona nini, siku ya pili nini, alimfunga wapi, saa ngapi. Alitaka wajue pia kwamba farasi alikuwa na hofu ya miavuli. Nilimwambia hilo halisaidii watu wa Bukavu. "Andika tu," akasema, nikaandika.

Mwisho wa mvua zile alikuja kijana kutoka Rwimbogo, anahema, hajasikia habari. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja. Alitazama banda tupu, akamtazama mume wangu, akaelewa. Mume wangu aliingia ndani, akavaa viatu vyake vya safari, akatoka naye kwa miguu. Akawa mmoja wa wale wanne waliobeba ingobyi. Mama yule alifia njiani, mahali ambapo majengo ya Mibirizi yalikuwa yameshaonekana.

Alirudi kesho yake mchana. Bega lake la kulia lilikuwa limechubuka mpaka nyama nyekundu inaonekana. Nikapasha moto mafuta ya mawese, nikamwambia avue shati. Nilipokuwa nampaka, mgongo wake ukaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya mama wa yule kijana, au kwa ajili ya farasi, na labda walikuwemo wote wawili. Lakini alilitaja jina la mtoto wetu. Alilitaja mara moja, halafu akauliza kama ni kweli alikuwa na masikio ya baba yangu, maana yeye aliona hivyo ila hakuwa na hakika.

"Ni kweli," nikamwambia. "Hata mama yangu aliona."

Tukakaa pale mpaka mafuta yakapoa ndani ya kibakuli, tunazungumza juu ya siku zile kumi na moja, moja moja, kila mmoja akimkumbusha mwenzake alichokisahau.