Ukuta wa Hiltje

Mpaka leo nikimwona mzee wa kanisa anapita na kofia nyeusi mkononi, damu hunichemka. Wenzangu huniambia, "Sietske, hayo yameshapita." Yamepita kwa nani? Mimi na Hiltje Rodenhuis tulipakana ukuta miaka ishirini na sita, tangu nilipoolewa mpaka alipokufa, na walichomfanyia nilikiona kwa macho yangu.

Hiltje alikuwa mfuaji. Alifua na kupiga pasi nguo za nusu ya kijiji cha Aldewier, mikono yake myekundu kiangazi na kipupwe. Mumewe, Meindert, alizama wakati barafu ya ziwa ilipopasuka chini yake, akamwacha na mimba ya miezi sita na bila pa kukaa. Kanisa likampa nyumba, moja ya zile kuukuu za chini ya tuta la kuzuia maji, ambazo zamani zilikuwa za wenye meli. Nyuma ya jiko, kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti, ukuta mzima ulikuwa wa vigae vyeupe, themanini na vinne, na juu ya kila kimoja kisa cha Biblia kimechorwa kwa rangi ya zambarau ndani ya duara. Mchoraji hakuwa bingwa. Nyangumi wa Yona alifanana na nguruwe mwenye magamba, na Goliathi alivaa suruali pana za mabaharia wetu. Sisi wengine hatukuvijali. Nani hakuona vigae vya namna hiyo kwa bibi yake?

Mtoto aliyezaliwa, Durk, alikuwa kiziwi.

Alipofika miaka saba walimpeleka shule ya viziwi, mbali. Huko walimkalisha juu ya viganja vyake ili ajifunze kusema kwa mdomo, na akiitoa mikono anachapwa. Baada ya miezi minane Hiltje alimfuata, akamkuta amekonda, mikono ameificha kwapani. Hakuuliza mtu ruhusa. Alimvisha koti, wakarudi nyumbani.

Tangu hapo alimfundisha mwenyewe, pale ukutani. Anamwonyesha kigae, anamwigizia kisa chote, naye Durk anamrudishia. Kidogo kidogo picha zikawa maneno. Njaa ilikuwa Eliya na kunguru wake. Uchovu, Yakobo kichwa juu ya jiwe. Mtu mwongo alikuwa yule nyoka wa mtini. Durk alipokuwa mtu mzima mikono yake ilikuwa inasema mengi bila ukuta, lakini likizuka jambo jipya au zito, alisimama na kurudi kwenye vigae, akagusa hiki na hiki na hiki, mpaka mama yake akaelewa. Hata mimi nilijifunza kiasi. Siku moja aliniuliza kama mume wangu bado ni Samsoni, maana alikuwa hajanyoa wiki mbili.

Durk alipofika miaka kumi na minane, Hiltje alitaka apokelewe mezani pa Bwana kama vijana wenzake. Mzee wa kanisa aliyesimamia nyumba zake na mafundisho alikuwa Wopke Terpstra, mwenye ng'ombe sitini na shingo ngumu kuliko ya fahali wake.

"Imani huja kwa kusikia, Hiltje," alimwambia. "Huyu atajibuje maswali?"

"Na macho Mungu aliyaweka ya nini, Wopke? Ya kuangalia ng'ombe wako?"

"Usikufuru."

"Njoo nyumbani umuulize ukutani. Atakujibu themanini na vinne."

Hakwenda. Durk akabaki kukaa benchi la nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, anatafuna peremende na kuangalia midomo ya watu ikifunguka na kufungika.

Ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka hamsini na nane. Durk alikuwa na miaka thelathini na moja, anafanya kazi kiwanda cha maziwa, na hapakuwa na mtu aliyeosha makopo kwa usafi kama yeye. Dada yake Hiltje akaugua huko Sneek, Hiltje akaenda kumuuguza siku tatu. Siku ya pili, Jumanne, nikasikia kugonga upande wa pili wa ukuta wangu. Nikatoka. Mlangoni kulikuwa na gari la mizigo kutoka Amsterdam, masanduku yenye majani makavu, wanaume wawili na patasi, na Wopke Terpstra na ule ufunguo wa nyumba unaokaa kanisani.

"Mnafanya nini?"

"Mambo ya kanisa, Sietske. Tunanunua kinanda kipya. Hivi vigae vinaozea hapa, na mjini watu wanavigombania."

"Hiltje anajua?"

"Hiltje ni mpangaji."

Nilipaswa kukaa mlangoni wasipite. Nilipaswa kupiga kelele. Nilirudi ndani nikaendelea kumenya viazi, na hilo nalo linanikera mpaka leo.

Durk aliporudi kutoka kazini nilimfuata. Alisimama mbele ya plasta tupu, yenye makovu, vumbi la chokaa likiwa limetanda juu ya jiko. Alinyoosha mkono kwenda safu ya pili kutoka juu, kulia, ambako Yusufu alikuwa akitupwa shimoni na ndugu zake. Kidole kikagusa ukuta mtupu. Akajaribu pengine. Kisha akanigeukia, na mikono yake ikabaki hewani, haina la kusema. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada ya siku ile.

Hiltje alirudi kesho yake. Hakulia. Hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Wopke, nami nyuma yake. Tuliwakuta kwenye kahawa ya saa nne, na mkewe, kwa aibu, akamsogezea Hiltje kikombe na kipande cha mkate wa sukari. Hiltje akakigeuza kikombe kifudifudi mezani, kahawa ikatapakaa kitambaa chote.

"Umeingia nyumbani kwangu kama mwizi."

"Nyumba ni ya kanisa, Hiltje. Na vigae ni vya nyumba. Tutakupakia plasta nzuri, laini, na rangi utachagua mwenyewe."

"Umemng'oa mwanangu ulimi, halafu unaniuliza rangi!"

"Ni picha tu, mama. Kinanda ni kwa utukufu wa Mungu."

"Kinanda ambacho Durk hatasikia hata mlio mmoja," alisema Hiltje. "Lakini benchi la nyuma mmemwekea, ili ashukuru."

Jumapili ile kanisa lilijaa. Wopke alisimama kutangaza kwamba kinanda kimekaribia kupatikana. Kabla hajakaa, Hiltje na Durk walikuwa wanakuja mbele. Mchungaji Algra, kijana mgeni pale kijijini, hakuwazuia.

Durk akaanza. Alisimulia kisa cha Biblia kwa mikono, kwa mabega, kwa uso, na mama yake akasema kwa sauti anachokisema. Ni mtu mmoja mwenye shamba dogo la mizabibu, alilorithi kwa baba zake. Ni mfalme mwenye mashamba mengi, analitaka na hilo. Ni barua iliyoandikwa kwa siri na kupigwa muhuri. Ni wazee wa mji, watu wa heshima, wamekaa mbele ya wote, wakitenda walivyoagizwa, na mwenye shamba anapigwa mawe mpaka afe. Durk alivyomwigiza mfalme akitembea katika shamba lile, akilipima kwa hatua, shingo imekakamaa, kila mtu alimjua, na mtoto mmoja akacheka.

"Hasomi, wala hasikii," Hiltje akasema. "Lakini kisa anakijua. Nyinyi mnaosikia, mmekisikia?"

Mchungaji akamgeukia Wopke. "Mama huyu aliulizwa?"

Wopke akaketi benchini.

Kanisa likamtafuta mchuuzi wa Amsterdam aliyevinunua vigae. Vigae arobaini na sita vilirudi, vingine vimevunjika pembe. Thelathini na vinane vilikuwa vimeshavuka bahari. Durk alivirudisha ukutani kwa mkono wake mwenyewe na kuacha mapengo mahali pa vile vilivyopotea. Ilipotokea anataka kisa kilichokwenda, alipiga ngumi kwenye pengo lake. Mwaka ule mchungaji alikuja, akamuuliza ukutani kwa vile vilivyobaki, na Durk akapokelewa mezani.

Na kinanda? Kilinunuliwa vilevile. Kwa miaka kumi na sita iliyobaki ya uhai wake, Hiltje alisubiri nje, mvua au theluji, mpaka kinanda kinyamaze, ndipo akaingia.

Wopke alichukua miaka tisa kuja. Nilikuwa namsaidia Hiltje kuanika mashuka mbele ya mlango wake, nikasikia yote.

"Hiltje, nimekuja kuomba radhi."

"Hukunikosea mimi peke yangu. Mwambie Durk. Yumo ndani."

"Nitamwambiaje?"

"Hilo ulipaswa kuliuliza kabla hujaleta patasi."

Alisimama pale mlangoni, anazungusha kofia yake. Ndani Durk alikuwa amemwona dirishani. Hakutoka. Wopke akavaa kofia na kwenda zake, na Hiltje akaniomba nimshikie ncha ya pili ya shuka.