Kitambaa cha Mama wa Mapokezi

Jumatatu iliyopita, nikisubiri kuhudumiwa katika ofisi moja mjini Lodwar, aliingia fundi Mkongomani kutoka makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, amekumbatia kigari cha bati. Kilikuwa mfano wa gari la dereva wa ofisi hiyo aliyekuwa akistaafu siku hiyohiyo, zawadi ya kuagwa na wenzake. Magurudumu yalichongwa kutokana na ndala kuukuu, na milango ilifunguka. Fundi alikiweka mezani, akaenda kumwita aliyekiagiza.

Mama wa mapokezi alikitazama, akaguna, akachukua kitambaa chenye maji na kukisugua kigari kwa bidii.

Fundi aliporudi alijishika kichwa. "Mama! Iyo vumbi nilitia mie mwenyewe! Nilichekecha udongo na soksi, nikapaka gundi ya maji-maji, nikanyunyiza na burashi polepole!"

"Wewe, gari chafu hivyo utapea mzee wetu aje? Si useme asante!"

"Mzee ameendesha njia ya Kakuma miaka yote. Gari safi atajua ni yake?"

Mama alisonya tu, na sherehe ilikuwa karibu kuanza.

Mimi niliyetumikia ukarani hadi kustaafu nilighadhibika. Dirisha lililo nyuma ya mama huyo halijaguswa tangu Krismasi. Hata barabara haionekani kwa vumbi. Katika jengo zima, vumbi pekee lililofutwa siku hiyo ni lile lililopakwa kwa ustadi.

Fundi naye alikuwa akilitazama dirisha lilelile. Alipaka gundi upya, akasogea dirishani na burashi yake. Vumbi lilitosha gari zima, na jingi likabaki.