Mlango wa Chumba cha Bibi

Wiki iliyopita mafundi walikuwa wanabandua skatingi, zile mbao za chini ya kuta, nyumbani kwangu Kerege, na ile harufu ikanikuta jikoni: vumbi la mbao iliyooza na uvundo wa udongo wa mchwa. Nikaweka mwiko chini. Nikaenda kuzikagua kuta zangu, ingawa ni za tofali za saruji na hazina neno.

Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa darasa la pili. Tuliishi Bagamoyo kwa bibi mzaa mama, katika nyumba ya mawe na chokaa yenye kuta nene hata mdogo wangu Hamidu aliweza kujilaza dirishani kama paka. Mchwa walikuwa wamezila mbao zote za chini ya kuta, wakapanda mpaka zile zilizozunguka mlango wa chumba cha Bibi. Ukizigusa zinabonyea kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Mama akamwita Fundi Shomari aje kuzibadilisha.

Bibi alikuwa ameumia nyonga, hashuki kitandani. Mama alimwomba ahamie ukumbini mpaka kazi iishe.

"Nihamishwe kama kabati?" akasema Bibi. "Fundi agonge, mimi nilale."

Hamidu naye akalala ubavuni mwake, mlango ukafungwa kuzuia vumbi.

Skatingi zilitoka bila shida. Fundi akapanda stuli, akachomeka tindo nyuma ya ubao wa juu ya mlango, kisha akasita.

"Dada," akamwambia Mama taratibu, "boriti ya humu ndani imekwisha. Ni udongo mtupu."

Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka pale boriti ilipokatika. Mawe na chokaa vikaporomoka, mlango ukabanwa, ukumbi mzima ukawa mweupe.

"Mama! Mama!" Mama akamwita Bibi.

Tukasikia kikohozi. "Tupo," akajibu Bibi. "Hamidu kanikojolea tu."

Ufa ulikuwa umepanda mpaka darini, na chokaa haikukoma kumwagika. Dirisha la Bibi lilikuwa na nondo, hapapitiki. Fundi akakimbilia kwa jirani aliyekuwa anajenga kuazima mirunda ya kuegemeza dari. Mimi nilijibana kwenye pembe ya mlango, nikilia na kukwangua mbao kwa kucha. Mama alinivuta mara mbili, nikarudi palepale.

"Mke mwenzangu!" Bibi akaniita, maana ndivyo alivyonitania siku zote. "Zunguka nje uje dirishani. Naogopa. Njoo unishike mkono."

Sikuwahi kumsikia Bibi akisema anaogopa. Nikazunguka mbio. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha. Akapenyeza mkono kati ya nondo akanikamata, mweupe kwa chokaa mpaka kope, Hamidu amemng'ang'ania shingoni. Akaniuliza habari za shule, nani kagombana na nani. Nilipotaka kwenda kumwangalia Mama, akakaza vidole.

"Usiniache, mke mwenzangu."

Nikafuta machozi, nikajiona mtu mzima.

Mara kikasikika kishindo kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Bibi akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti, mkono wangu hakuuachia.

"Hatujambo!" Mama akapaza sauti. "Mawe yameanguka pembeni!"

Mirunda ilipokwisha kusimama, fundi akaukata mlango kipande kwa kipande. Hamidu akatoka kwanza, kisha Bibi akabebwa juu ya godoro lake, akimgombeza fundi kwa kumchafulia shuka.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilimtuliza Bibi. Nilikwisha kuolewa, na Bibi tumekwisha kumzika, Mama aliponieleza mawe ya kishindo cha pili yaliangukia wapi: kwenye ile pembe niliyojibana. Bibi, pale kitandani, aliuona ufa unakoelekea, na kilio changu alikisikia kinatokea upande huohuo. Alinijua. Angenifukuza, nisingeondoka.

Basi akaniambia anaogopa.